Waridi Jeusi Halipo, Ila la Damu ya Mzee Lipo

Makomredi, nianze na jibu kabla ya swali: waridi jeusi halipo. Halipo Naivasha, halipo Uholanzi, halipo hata Uturuki. Zile picha mnazotumiana kwenye simu, za mawaridi meusi kama makaa, ama zimepitishwa kwenye programu ya kubadilisha rangi, ama ua lenyewe limepakwa rangi. Lililopo ni waridi jekundu lililokolea mno, kiasi kwamba jicho haliuoni wekundu wake upesi. Kulipata hilo kwa shada la bibi harusi ni kazi, lakini inawezekana hata kwa mfuko wa mwanafunzi, na sayansi yake haizidi sana ile tuliyofundishwa sekondari.

Mwaka huu dada yangu mkubwa aliolewa, na kamati ya harusi ikanikabidhi maua. Sababu waliyonipa ni moja: "Wewe si unasomea ualimu wa Biolojia? Basi maua ni yako." Dada alitaka mawaridi meusi juu ya gauni jeupe. Shangazi, aliyemlea dada tangu akiwa darasa la pili, alisema mbele ya kamati nzima kwamba maua meusi ni ya matanga, na kwamba yeye hataingia kanisani nyuma ya msichana aliyebeba msiba mkononi. Dada naye akajibu kuwa ni hayo au aingie mikono mitupu. Hapo hakuna aliyetania. Kwa wiki nzima wawili hao walikuwa wakisalimiana kupitia kwangu.

Kwa hiyo ilinibidi niielewe rangi yenyewe kabla ya kwenda sokoni. Niliyoyapata nayaandika hapa, kwa sababu najua kati yetu wapo wengi wanaokaa kwenye kamati za harusi kila likizo, na kazi ya maua hutupiwa yule "msomi".

Weusi unatoka wapi?

Wekundu wa waridi unatokana na kemikali ziitwazo anthosianini. Zimeyeyuka katika maji yaliyo ndani ya seli za petali, kama sukari ilivyoyeyuka ndani ya chai. Mkemia Mjerumani Richard Willstätter, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1915 kwa utafiti wake wa rangi za mimea, alionyesha jambo la ajabu: anthosianini iliyomo katika waridi jekundu ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika ua fulani la buluu linaloota kwenye mashamba ya ngano ya Ulaya. Kemikali ni moja, lakini ua hili jekundu na lile buluu. Tofauti inaletwa na hali iliyomo ndani ya seli na vitu vingine vilivyoshikana na kemikali hiyo, yakiwemo madini.

Tunachopata hapo ni hiki: waridi linaloitwa jeusi halina kemikali nyeusi. Lina ile ile nyekundu, ila imerundikana. Chukua strungi. Mimina kidogo kwenye glasi, uinue dirishani, utaona wekundu. Tazama sufuria nzima ya strungi hiyo hiyo, utasema ni nyeusi. Majani ya chai hayakubadilika, kilichoongezeka ni wingi tu.

Jambo la pili ni ngozi ya petali. Ukiitazama kwa hadubini, seli za juu hazijalala bapa kama sakafu. Zimeinuka kama vilima vidogo vyenye ncha. Mwanga ukishaingia kati ya vilima hivyo, hurushwa huku na huku, na kila ukigonga rangi sehemu yake humezwa. Unaorudi kwenye jicho lako ni mchache. Ndiyo maana waridi lililokolea linafanana na kitambaa cha mahameli, na ndiyo maana ukilishika kwa vidole unahisi ulaini wenye unene fulani, wala si utelezi wa plastiki.

La tatu ni baridi. Waridi likikua mahali pa baridi hutengeneza anthosianini nyingi na kuitunza. Joto likizidi, rangi hupauka. Hapa ndipo jiografia yetu inapotufaa. Naivasha ipo takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mashamba ya Kinangop na Timau yako juu zaidi. Aina moja ya waridi, ikipandwa sehemu mbili tofauti, inaweza kukupa nyekundu mbili tofauti. Hata shamba lile lile, maua yaliyokatwa baada ya wiki za baridi huwa yamekolea kuliko yale ya wiki za jua kali.

Tena kuna kichekesho hapa. Kwa mkulima anayeuza waridi jekundu la kawaida, petali za nje zikigeuka nyeusi hiyo ni hasara, kwa sababu mnunuzi wa Ulaya anataka nyekundu safi. Weusi huo huletwa na usiku wenye baridi pamoja na miale ya jua ya urujuanimno, ile tusiyoiona kwa macho. Wakulima wengine hufunika vivungulio vyao kwa plastiki maalum inayozuia miale hiyo. Yaani kile ambacho mkulima analipa pesa kukikwepa ndicho dada yangu alikuwa tayari kulipia akipate.

Majina ya kuulizia

Ukienda sokoni ukasema "nataka waridi jeusi," utaonyeshwa chochote. Afadhali uwe na majina. Mawili yanayojulikana zaidi katika maua ya kukatwa ni Black Baccara, lililotolewa na familia ya Meilland ya Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Black Magic la kampuni ya Tantau ya Ujerumani, la miaka ya 1990. Yote mawili yana neno "nyeusi" kwenye jina, na yote mawili ni mekundu. Likiwa tumba, Black Baccara linakaribia weusi hasa kwenye kingo za petali. Likifunguka, moyo wake unaonekana rangi ya divai. Kwa hiyo jina halitoshi, lazima ujue pia utalitumia likiwa limefunguka kiasi gani.

Mbona basi hayajazagaa kwetu, ilhali Kenya ni kati ya nchi zinazouza waridi nyingi zaidi duniani? Jibu ni soko. Sehemu kubwa ya maua yetu hupanda ndege kwenda Ulaya, mengine yakipitia mnada mkubwa wa Aalsmeer huko Uholanzi, na kilele cha mauzo ni tarehe 14 Februari. Siku hiyo mnunuzi anataka nyekundu inayong'aa, kama Upper Class au Rhodos. Waridi lililokolea sana halihitajiwi na wengi, kwa hiyo hupandwa kwa uchache. Maana yake kwako ni kwamba huwezi kuamka Ijumaa ukaenda kulichukua kwa harusi ya Jumamosi. Linaagizwa.

Utakutana pia na habari za Halfeti, mji wa Uturuki ulio kando ya mto Frati, unaosifiwa kuwa ndiko pekee duniani kunakoota waridi jeusi. Mji upo kweli, na sehemu kubwa ya mji wa zamani ilifunikwa na maji baada ya bwawa la Birecik kukamilika mwaka 2000. Mawaridi yake nayo yapo, na yamekolea sana. Lakini ni mekundu, kama haya mengine. Ukiona mtu anakuuzia "mbegu za waridi jeusi la Halfeti" mtandaoni, shika pesa zako vizuri.

Kuna kundi jingine, mawaridi ya zamani ya bustanini. Mojawapo ni Souvenir du Docteur Jamain, lililotolewa Ufaransa mwaka 1865. Lina rangi nzito na harufu nzuri, ila jua kali huunguza petali zake, kwa hiyo hupandwa kwenye kivuli. Haya huyakuti sokoni kwa sababu hayastahimili safari. Ukimjua mtu mwenye bustani ya zamani sehemu za baridi kama Limuru, mpigie simu kwa adabu.

Sokoni

Wauza maua wa Nairobi wanajulikana walipo. Nilianzia City Market, pale Muindi Mbingu, ambako ukiingia tu unakutana na ndoo za maua na watu wanaokuita kwa majina yote ya upendo. Mama mmoja aliyenisikiliza hadi mwisho alinipa somo ambalo hata mihadhara mingine haijanipa. "Mwanangu," akasema, "usiniulize kama niko na nyeusi. Niulize niko na nyekundu gani, na imekatwa lini."

Tangu hapo maswali yangu yakawa matano, na ninawapa nanyi:

Kwanza, ni aina gani kwa jina, na imetoka shamba la upande gani? Pili, imekatwa siku gani? Tatu, naweza kuona tumba moja na ua moja lililokwisha kufunguka, yote ya aina hiyo? Nne, unaweza kunipatia mashina mangapi yanayofanana, tarehe fulani? Tano, limepakwa rangi?

Hilo la tano usione haya kuliuliza. Kabla ya City Market, muuzaji mmoja wa mtandaoni alikuwa ameniahidi "nyeusi kabisa, asilia." Nikaagiza shina moja tu la kujaribu. Lilipofika nilichukua tishu, nikailowesha, nikapangusa petali. Tishu ikawa nyeusi, petali ikawa nyekundu ya kawaida. Sasa fikiria shada la mashina ishirini kama hilo kifuani pa gauni jeupe, jasho la mikono, na machozi ya mama mkwe.

Rangi hutiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupuliza au kuchovya. Utaitambua kwa sababu huacha petali zikiwa ngumu, na mara nyingi majani na shina navyo vina madoa. Ya pili ni kulisimamisha waridi jeupe ndani ya maji yenye rangi hadi linywe. Hii wale wa Biolojia mnaijua, ni lile jaribio la usafirishaji wa maji katika mmea ambalo tutalifanya na wanafunzi wetu tukienda mazoezi ya ualimu. Dalili yake ni ile ile tunayowaonyesha darasani: mishipa ya petali imekolea kuliko sehemu zilizobaki, na ukikata shina utaona rangi ndani yake. Sisemi kutia rangi ni dhambi. Nasema uambiwe, na ulipe bei ya ua lililotiwa rangi.

Mwanga na jirani

Ukishapata shina la kweli, usiamue ukiwa sokoni. Lipeleke mahali litakapotumika, saa ile ile. Mwanasayansi Mcheki Jan Evangelista Purkyně aliandika mwaka 1825 kuhusu jambo ambalo wengi tumeliona bila kulipa jina: jioni mwanga ukipungua, maua mekundu hugeuka meusi mapema, huku ya buluu na majani ya kijani yakiendelea kuonekana. Sababu ni jicho. Kwenye mwanga hafifu tunatumia seli za jicho ambazo karibu hazioni nyekundu kabisa.

Basi shada moja linaweza kuwa na maisha matatu kwa siku moja. Ndani ya kanisa lenye madirisha madogo ni jeusi. Nje saa saba mchana, kwenye picha, ni divai. Jioni chini ya taa za hema ni kahawia nzito. Simu nazo zina tabia yake. Ikiona kitu cha giza, kamera huongeza mwanga yenyewe, na waridi lako linarudi kuwa jekundu. Mwambie mpiga picha aguse ua kwenye kioo, apunguze mwanga kidogo, na azime flashi.

Jirani pia ana kesi ya kujibu. Mwaka 1839 Mfaransa Michel Eugène Chevreul, mkemia wa kiwanda cha mazulia cha Gobelins, alichapisha kitabu kikubwa kuhusu rangi zinavyoathiriana zikiwekwa karibu. Alikuwa amepelekewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda zimepauka. Alipochunguza, nyuzi zilikuwa sawa. Tatizo lilikuwa rangi zilizofumwa kando yake. Kwa shada lako maana yake ni rahisi: ukilifunga kwa utepe mweusi wa kweli, jicho litalinganisha, na kila mtu ataona kwamba maua ni mekundu. Ukiyazungusha na kitu cheupe au chepesi, yanakolea.

Jina lake

Nilichukua mashina matatu hadi kwa Shangazi asubuhi, nikayashika penye mwanga wa mlango wa jikoni. Nilimwambia ukweli wote: hapa unaona hivi, kanisani yataonekana meusi. Aliligeuza moja mkononi, akalinusa, akakunja uso kwa kukosa harufu. Kisha akasema, "Lakini hii si nyeusi. Hii ni damu ya mzee. Mbona huyo mtoto hakusema?"

Na kweli. Kiswahili kina jina kamili la rangi hii, lakini sisi wote kwenye kamati tulikuwa tunasema "nyeusi," tukitafsiri majina ya maduka. Nyeusi kwa mtu wa rika la Shangazi ina kumbukumbu zake. Aliishi Mombasa miaka mingi, na huko kaniki ni nguo anayoijua na siku zake anazijua. Damu ya mzee ni rangi ya sweta za shule, ya vitambaa vya heshima, ya kitu kilichoiva. Hakuna aliyebadili msimamo wake. Dada alipata ua lile lile alilolitaka, na Shangazi akalikubali ua aliloliona kwa macho yake mwenyewe.

Ila alitoa sharti: liwekewe kitu cha kuonyesha ni la harusi. Akataka asumini, kwa sababu huko pwani bibi harusi hutambulika kwa harufu kabla ya kuonekana. Kikuba hufungwa kwa asumini, rehani na mkadi, na wageni hunyunyiziwa marashi ya waridi. Mawaridi ya kibiashara huchaguliwa kwa ustahimilivu wa safari na urefu wa shina, na mengi hayana harufu ya kutajika. Asumini zilikuja na basi la usiku kutoka Mombasa, zimefungwa kwenye jani la mgomba. Nyeupe yake ilifanya kazi ya Chevreul, na harufu yake ikaziba pengo la waridi. Dada na Shangazi walilifunga shada pamoja, wakibishana juu ya uzi tu.

Ratiba

Kwa wale watakaofanya kazi hii Agosti au Desemba, panga hivi. Wiki sita kabla, kubalianeni rangi kwa kushika ua halisi mkononi. Picha haitoshi. Wiki tatu kabla, nunua mashina mawili matatu ya majaribio, uyaone kwenye ukumbi. Wiki mbili kabla, agiza na ulipe arubuni, na uandikiwe aina, idadi na tarehe. Sisi tulitumia mashina 18 na tuliagiza 25, kwa sababu yatavunjika na mengine yatakataa kufunguka.

Yapokee siku mbili kabla yakiwa bado matumba. Osha ndoo kwa sabuni. Ondoa majani yote yatakayoingia majini, maana yakioza yanalisha bakteria wanaoziba shina. Kata mwisho wa shina kwa mshazari kwa kisu kikali, kisha yaache yanywe usiku kucha mahali pa baridi na pasipo jua. Yaweke mbali na ndizi na maembe mabivu, kwa sababu matunda yakiiva hutoa gesi ya ethilini inayozeesha maua. Na usiyaache yazeeke ndani ya ndoo ukidhani yatazidi kukolea. Waridi jekundu likizeeka, asidi ndani ya seli hupungua na rangi huelekea zambarau iliyochoka.

Mwisho, muulize bibi harusi swali moja kabla hujapanda matatu kwenda mjini: hiyo rangi unayoitaka, ukiiona kwenye nguo ungeiita nini? Jibu lake ndilo litakuambia ua la kutafuta, na pengine litakuokolea kikao kizima cha kamati.